Mabewa yalikuja yakaenda, Kehancha ingali inamsubiri mwalimu

MJI wa Kehancha, makao makuu ya Kuria Magharibi katika Kaunti ya Migori, uliwahi kuwa na chuo kikuu. Hakikuwa chuo kamili, ila bewa la Chuo Kikuu cha Kisii, mojawapo ya mabewa yaliyochipuka kote nchini kama uyoga baada ya mvua katika miaka iliyotangulia 2016.

Mnamo Januari 2016, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) iliagiza mabewa 10 ya chuo hicho yafungwe kwa kukosa kutimiza viwango. Katika orodha hiyo mlikuwa na Kehancha, Isebania na Migori. Kaunti moja ilipoteza mabewa matatu kwa barua moja.

Sisi tunaokesha tukihariri habari tulikuwa na neno letu tulilolipenda kila bewa lilipofunguliwa: afueni. Afueni kwa wakazi, afueni kwa walimu, afueni kwa wazazi. Mabewa yalipofungwa, neno likageuka kuwa pigo. Kati ya afueni na pigo, ni mara chache tuliuliza bewa lenyewe lilikuwa likimfundisha nani, na anayehitimu angekwenda kumfundisha nani.

Swali hilo halijapitwa na wakati. Kila unapokaribia uchaguzi, wanasiasa wa kusini mwa Nyanza huahidi chuo: bewa hapa, chuo cha walimu pale, chuo cha kiufundi kwingine. Wakazi wa Kuria nao wana haki ya kudai sehemu yao. Hata hivyo, kabla ya kudai ni vyema waangalie ni nini hasa kilichokua katika eneo hili tangu 2016, na ni nini kilichodumaa.

Ikumbukwe kwamba mabewa yale hayakuletwa na mahitaji ya shule za Kuria. Yaliletwa na karo. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kianzishe mfumo wa wanafunzi wanaojilipia mwaka 1998, vyuo vya umma viligundua kwamba kila mji wenye jumba la ghorofa la kukodisha ungeweza kuwa chemchemi ya fedha. Shahada na diploma za elimu ndizo zilizouzwa kwa wepesi zaidi, kwa sababu hazihitaji maabara ghali, na kwa sababu walimu waliokuwa kazini walikuwa tayari kutumia likizo za Aprili, Agosti na Desemba kusoma ili wapandishwe vyeo.

Biashara hiyo ilikatika ghafla. Katika mtihani wa KCSE wa 2016, uliofanywa chini ya kanuni mpya za kuzuia wizi wa mitihani, idadi ya watahiniwa waliopata gredi ya A ilishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141. Waliopata C+ na kuendelea walikuwa 88,929 pekee, idadi ambayo vyuo vikuu vya umma viliweza kuimeza kwa nafasi za kawaida zinazofadhiliwa na serikali. Wa kujilipia wakawa adimu. Hata kama tume isingeandika barua yake ya Januari, yamkini mabewa mengi yangejifunga yenyewe.

(Kwa hiari ya historia, tume hiyo hiyo baadaye iliongozwa na Prof Chacha Nyaigotti-Chacha, msomi wa Kiswahili na mwandishi wa tamthilia, ambaye ni mzawa wa Kuria.)

Mwaka uo huo wa 2016, wakati Kehancha ikipoteza, majirani walikuwa wakipokea. Mnamo Oktoba, Chuo Kikuu cha Rongo, kilichojengwa Kitere, kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kilikuwa kimeanza kama Taasisi ya Teknolojia ya Moi, kikawa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2011, na kitivo chake cha elimu ni miongoni mwa nguzo zake. Huko Homa Bay, Chuo cha Tom Mboya kilianzishwa mwaka huo kama chuo kishirikishi cha Maseno, nacho kikapata hati yake mwaka 2022. Kwa hiyo kaunti mbili ambazo hazikuwa na chuo kikuu hata kimoja zilijikuta na viwili kwa muda wa miaka sita.

Huo ni ukuaji, na hapana mtu mwenye busara atakayeubeza. Mwanafunzi wa Kehancha aliyefuzu kwa C+ anaweza leo kupanda matatu hadi Migori, apite Awendo, ashuke Rongo na kusomea shahada ya elimu bila ya kulala njiani. Babake alilazimika kwenda Nairobi, Njoro au Eldoret.

Tatizo ni kwamba shahada hiyo humwandaa kufundisha masomo mawili katika shule ya sekondari. Haimwandai kuketi na watoto 60 wa gredi ya kwanza na kuwaonyesha jinsi herufi mbili zinavyoungana kuwa silabi. Zipo shahada za elimu ya msingi na za chekechea, lakini mara nyingi wanaozisomea ni walimu waliokwisha kuajiriwa wanaotafuta daraja la juu.

Hapa ndipo historia ya vyuo vya walimu katika nchi hii inapostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ina mwelekeo mmoja usiobadilika. Chuo kikuu kinapokutana na chuo cha walimu, chuo cha walimu humezwa.

Chuo cha Walimu cha Siriba, pale Maseno, kiliwafunza walimu wa magharibi mwa Kenya kwa miongo kadhaa. Mwaka 1990 kiliunganishwa na taasisi ya serikali ya mafunzo iliyokuwa jirani yake, kikawa Chuo Kikuu Kishirikishi cha Maseno chini ya Moi. Mwaka 2001 Maseno ikawa chuo kikuu kamili. Jina la Siriba likabaki kuwa la sehemu ya uwanja wa chuo.

Chuo cha Narok nacho kilikuwa cha walimu kabla ya kuchukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, na sasa ndicho Chuo Kikuu cha Maasai Mara. Jijini Nairobi, Chuo cha Walimu wa Sayansi cha Kenya, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kwa msaada wa Uswidi na kusifika kwa walimu wake wa fizikia na hisabati, kilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2007.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na Kehancha ni Kisii yenyewe. Chuo kilichofungua bewa Kehancha kilizaliwa mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1983 kikapandishwa kuwa chuo cha walimu wa sekondari. Mwaka 1994 kikawa bewa la Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 chuo kishirikishi, na mwaka 2013 chuo kikuu kamili.

Kila hatua iliitwa maendeleo, na kwa kiasi kikubwa ilikuwa hivyo. Ila tazama aliyepotea njiani. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kwa ajili yake matofali ya kwanza yalipangwa, aliondolewa katika hatua ya pili na hakurudi. Chuo kile kilipofika Kehancha miongo mitano baadaye, kilifika kama chuo kikuu.

Kwa bahati njema, si vyuo vyote vilivyomezwa. Chuo cha Walimu cha Asumbi, kilichoko Homa Bay chini ya ufadhili wa Kanisa Katoliki, kingali chuo cha walimu. Chuo cha Walimu cha Migori kingali chuo cha walimu pia. Hivi viwili ndivyo vinavyobeba mzigo ambao vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya haviubebi, lakini mara ngapi umesoma habari zao? Mahafali ya chuo kikuu hupata picha ya ukurasa mzima. Kufuzu kwa walimu wa gredi za chini hupewa aya mbili, ikiwa siku hiyo hakuna mkutano wa kisiasa.

Sasa tuingie darasani. Chini ya mtaala wa umilisi, mtoto anapaswa kufundishwa kwa lugha ya eneo lake kuanzia chekechea hadi gredi ya tatu. Sera hiyo si ngeni. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya mama katika miaka mitatu ya mwanzo, na Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili.

Katika sehemu kubwa ya Migori na Homa Bay, lugha ya eneo ni Kijaluo. Mwalimu aliyezaliwa Rangwe akipelekwa Nyatike hana tatizo la kuzungumza na mtoto. Katika Kuria Magharibi na Kuria Mashariki lugha ni Kikuria, ambayo ni ya Kibantu na haina uhusiano wowote na Kijaluo isipokuwa ujirani. Wakuria nchini walihesabiwa kuwa zaidi ya 300,000 katika sensa ya 2019, ndani ya kaunti yenye watu zaidi ya milioni 1.1. Wao ni wachache katika kaunti yao, na ni wachache zaidi katika vyuo vinavyoandaa walimu wa kaunti hiyo.

Si kwamba kila anayezungumza Kikuria anaweza kukifundisha. Lugha hiyo ina irabu saba, ilhali alfabeti tuliyoirithi ina herufi tano za irabu. Toni yake hubeba maana, hadi nyakati za kitenzi hutofautishwa kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Mtu aliyekua akikizungumza nyumbani Ntimaru au Masaba, kisha akasoma kwa Kiingereza kuanzia gredi ya nne hadi chuoni, anaweza kujikuta hawezi kuandika ubaoni sentensi ambayo nyanyake anaitamka kila siku. Kulisoma neno la lugha yako kwa mara ya kwanza ukiwa mtu mzima ni kazi inayohitaji mafunzo.

Wadadisi wengine watauliza: kwa nini tusitumie Kiswahili tu? Swali ni la haki, na Kehancha ndipo mahali pazuri pa kuliuliza, maana ng'ambo ya mpaka wa Isebania na Sirari wapo Wakuria wa Tarime ambao serikali yao iliamua zamani kwamba Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule ya msingi kuanzia darasa la kwanza hadi la mwisho. Mtoto wa Tarime anakutana na Kiswahili mapema na kubaki nacho. Mtoto wa Kehancha anatakiwa aanze na Kikuria, ajifunze Kiswahili na Kiingereza kama masomo, kisha ahamie Kiingereza kabisa katika gredi ya nne. Hali ya Kenya inadai mwalimu mwenye ustadi zaidi, ilhali huyo ndiye tusiyemwandaa vya kutosha.

Mahali pasipo na mwalimu wa aina hiyo, kinachotokea kinajulikana na kila mzazi. Mwalimu hutumia Kiswahili au Kiingereza, mtoto hukariri asichokielewa, na mwenye akili nyepesi huvuka kwa nguvu zake mwenyewe. Anayebaki nyuma gredi ya pili hubaki nyuma gredi ya sita, na miaka kadhaa baadaye hupata D katika KCSE. Halafu tunashangaa kwa nini Kuria haitoi walimu wa kutosha.

Mlango wa kuingilia ualimu nao umekuwa mwembamba. Hadi miaka michache iliyopita mwalimu wa shule ya msingi alisomea cheti cha P1 kwa miaka miwili. Tangu 2021 cheti hicho kimeachia nafasi diploma ya miaka mitatu, kwa walio na gredi ya C. Nia ilikuwa njema: mtaala mpya unahitaji mwalimu aliyeiva. Lakini masharti yalipoanza kutumika, baadhi ya vyuo vya walimu nchini vilibaki na madarasa matupu, na Wizara ya Elimu ikalazimika kulegeza sharti la alama za masomo mahususi.

Kwa msichana wa Kuria, C hiyo ina gharama nyingine. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2011, lakini msimu wa tohara ungali ukirejea katika likizo za Desemba, na kwa wasichana wengi unafuatwa na ndoa. Anayeponyoka na kufika kidato cha nne mara nyingi amepoteza mihula njiani. Akipata C-, chuo cha walimu hakimchukui. Ni yeye, pengine kuliko mtu mwingine yeyote, ambaye angekuwa mwalimu mwafaka wa gredi ya kwanza Kehancha: anaijua lugha, anawajua wazazi, na wasichana wadogo wangemwona mtu aliyepita walikopita akafika mbele ya darasa.

Sidai kwamba viwango vishushwe. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilijaribu kuwashushia viwango wanafunzi wa kaunti zilizoachwa nyuma, na TSC, yaani Tume ya Kuwaajiri Walimu, ikapinga vikali. Ninachoona ni kwamba msaada wa aina hiyo ukihesabiwa kwa kaunti, Kuria haionekani, kwa sababu imo ndani ya kaunti ambayo kwa wastani haimo mkiani. Kuna njia nyingine: mwaka mmoja wa maandalizi kwa waliokosa alama moja, ndani ya chuo chenyewe cha walimu, kisha mtihani. Hiyo ingegharimu kidogo kuliko ghorofa moja ya bewa.

Kisha kuna suala la ajira, ambalo ndilo linalowavunja moyo vijana wengi. Nchi hii ina walimu zaidi ya 300,000 waliosajiliwa na TSC ambao hawajaajiriwa, na wakati huo huo tume hiyo imekuwa ikitangaza upungufu wa takriban walimu 100,000 katika shule za umma. Mambo haya mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja kwa sababu kinachokosekana ni fedha za mishahara. Chuo kipya hakiongezi hata nafasi moja ya kazi.

Zaidi ya hayo, tangu sekondari msingi ianze mwaka 2023, fedha na macho ya serikali yamehamia huko. Walimu wa shule za msingi wenye shahada walihamishiwa madarasa hayo. Walimu wanagenzi 46,000 wa sekondari msingi, waliokuwa wakilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, waligoma mwaka 2024 baada ya Mahakama ya Ajira na Kazi kuamua kwamba mpango wa kuwatumia ulikiuka sheria, na hatimaye wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu kuanzia Januari 2025. Walistahili. Lakini mwenzao wa shule ya msingi alikuwa mwanagenzi wa Sh15,000, na hakuna aliyeandamana kwa ajili ya gredi ya kwanza.

Wanaotaka bewa lirudi Kehancha wana hoja zao, na ni za kweli. Bewa huleta wapangaji, wauza chakula, wachapishaji na wahudumu wa bodaboda. Humwezesha mwalimu mwenye familia kujiendeleza bila ya kuiacha nyumba yake. Huwaonyesha watoto wa mji kwamba chuo kikuu si kitu cha watu wengine. Mtu aliyeyaona hayo kwa miaka kadhaa kisha yakafungwa ana haki ya kusikitika.

Ila bewa lililokuja likifuata karo litaondoka likifuata karo, na hali ya vyuo vikuu vya umma leo, vyenye madeni ya makumi ya mabilioni ya shilingi, haitoi sababu ya kutarajia kwamba kitakachokuja safari hii kitakuwa na subira zaidi.

Kuna mambo matatu au manne yanayoweza kufanyika bila ya kungoja hati wala jiwe la msingi. Chuo cha Walimu cha Migori kinaweza kuyafanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kuria kuwa sehemu ya kawaida ya ratiba yake, ili anayezungumza Kikuria arudi kufanyia huko, na asiyekizungumza aone mapema ugumu unaomsubiri. Rongo, chenye wataalamu wa isimu na elimu, kinaweza kufanya kozi fupi ya likizo kwa walimu waliomo kazini: jinsi ya kuandika Kikuria, jinsi ya kufundisha kusoma kwa Kikuria. Chekechea ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa katiba, kwa hiyo serikali ya Migori haina haja ya kumngojea mtu wa Nairobi ili iwaajiri walimu wa chekechea wanaoijua lugha ya watoto wa Kehancha na Kegonga.

Hakuna lolote kati ya hayo litakalokatiwa utepe. Hilo, nadhani, ndilo linaloyafanya yasisikike katika mikutano ya hadhara.

Ugumu mmoja haupaswi kufichwa. Mji wa Kehancha si wa Wakuria peke yao. Wamo wafanyabiashara na watumishi wa umma kutoka jamii nyingine, na watoto wao wanasoma katika shule zilezile. Mwalimu wa Kikuria pekee hatawatosha. Kadhalika, sera ya kumrudisha kila mwalimu kwao ina hatari zake, na TSC iliwahi kwenda upande wa pili kabisa kwa kuwahamisha walimu mbali na nyumbani kuanzia 2018, hadi bunge na vyama vya walimu vikalalamika. Mahali pa kuanzia ni shule za vijijini za Kuria Mashariki na Magharibi, ambako karibu kila mtoto anaingia darasani akiwa na lugha moja tu.

Kwa sasa, kijana wa Kehancha mwenye C anayetaka kuwa mwalimu wa shule ya msingi huchagua chuo kupitia mfumo wa kitaifa wa kuwagawa wanafunzi, ambao unaweza kumpeleka Asumbi, Migori au upande mwingine wa nchi. Katika fomu hiyo hakuna mahali anapoulizwa ni lugha gani anaweza kumfundishia mtoto wa gredi ya kwanza.